Kutenga Nafasi katika Intaneti ya Simu: Nani Atangulizwe?

Masafa ya redio yanayobeba intaneti ya simu yana kikomo, na kila sehemu inayotengewa mtumiaji mmoja huwapunguzia wengine waliounganishwa na mnara uleule. Hata hivyo, utaratibu wa kawaida wa intaneti, ambao husafirisha pakiti, yaani vipande vidogo vya data, kadiri njia inavyoruhusu bila kuahidi zitafika lini, haufai kila huduma: barua pepe ikichelewa sekunde mbili hakuna anayetambua, ilhali mazungumzo ya daktari na wahudumu wa gari la wagonjwa yakikatika kwa muda huohuo, agizo la dawa linaweza kupotea.

Itifaki ya RSVP, iliyochapishwa mwaka 1997, ilijibu haja hiyo kwa kukiwezesha kifaa kinachopokea data kuziomba ruta, yaani mitambo inayoelekeza pakiti, zikitengee nafasi njia nzima. Tatizo ni kwamba mtumiaji akiwa safarini, nafasi aliyopewa kwenye mnara mmoja humponyoka anapohamia mwingine, ambao huenda umekwisha kujaa. Ndiyo maana watafiti Talukdar, Badrinath na Acharya walipendekeza MRSVP, ambayo humwekea msafiri nafasi mapema kule anakotarajiwa kupita, lakini huwaachia wengine waitumie hadi atakapofika.

Ikiwa nafasi inaweza kutengwa bila kulala bure, swali linalobaki ni la haki. Nchini Marekani, mtandao wa FirstNet, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, una megahezi 20 kwa ajili ya zimamoto, polisi na waokoaji; wateja wa kawaida wa AT&T, kampuni inayouendesha, hutumia kinachosalia, nao hupisha dharura inapotokea. Umoja wa Ulaya, kwa Kanuni ya 2015/2120, huruhusu huduma maalumu pale tu ambapo uwezo wa mtandao unatosha na ubora wa intaneti ya watu wote haushuki.

Misimamo hiyo miwili inafaa kuunganishwa. Uhai wa watu unastahili kutangulizwa; unene wa mfuko haustahili, kwa sababu masafa ni mali ya umma ambayo kampuni hupewa kwa leseni tu. Kwa hiyo mdhibiti wa mawasiliano anapaswa kuzilazimu kampuni zitangaze zimetenga kiasi gani, kwa ajili ya nani, na nafasi hiyo hurudishwa vipi kwa umma isipotumika.