Mshahara Usiishie Mchezoni

Ndugu wafanyakazi wa Garsen na Mto Tana,

Siku hizi kamari imevikwa nguo za burudani. Januari 2026, huko Marekani, sherehe ya tuzo za filamu za Golden Globes iliwaonyesha watazamaji wa televisheni nani anatarajiwa kushinda, kwa kadiri ya fedha zilizowekwa katika soko la ubashiri liitwalo Polymarket.

Kwetu matangazo ya kamari yamezoeleka pamoja na mpira, na simu ipokeayo mshahara kwa M-Pesa ndiyo hiyo hiyo iutoayo. Serikali iliona hatari: tarehe 29 Aprili 2025 matangazo hayo yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti 2025 sheria mpya ya kamari ikatiwa sahihi.

Lakini sheria haitamshika mtu mkono usiku. Tukigombea nyongeza ya shilingi 50 kwa siku, kisha tukaweka 100 kwenye kamari, tumemgombea nani? Mwenye kampuni hupata fungu lake, ashinde nani au ashindwe nani.

Basi yafaa kila mmoja wetu, hata kibarua, atenge kwanza akiba yake chamani. Mpira na tuutazame kwa furaha. Posho ya watoto isiwe dau.

Umoja ni nguvu.