Kafa Ulaya, kafa Kinole

Juni ikiingia, wateja wangu wa soko la Mawenzi, Morogoro mjini, huacha kuulizia magauni. Wanaoshuka kutoka Mgeta wanataka sweta zito au koti lenye bitana, maana kule juu kwenye milima ya Uluguru baridi haina mzaha. Ikikaribia Idd au Krismasi ni zamu ya nguo za watoto. Januari ni mashati meupe ya shule. Muuza mitumba asiyejua majira hulala na belo lake.

Wazee wetu waliziita nguo hizi "kafa Ulaya". Walijiuliza: mtu na akili zake ataachaje koti zima namna hii, kama si kwamba amekufa? Jina hilo lilikuwa likinichekesha. Siku hizi sicheki, kwa sababu ya koti la kaka yangu.

Kaka alifariki kwetu Kinole. Siku ya kuanua matanga tuligawana nguo zake kwa nusu saa tu, mjomba akisimamia. Shamba nalo halikuleta maneno, kwani kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama na kila lukolo, yaani ukoo, linajua mipaka yake. Koti la kahawia likaenda kwa mpwa wetu. Miezi mitatu baadaye kijana akaja na kijitabu alichokikuta kwenye mfuko wa ndani: marehemu alikuwa na akiba kwenye chama cha kuweka na kukopa. Mkewe hakujua. Sote hatukujua. Tena jina la kwenye kijitabu halikufanana na la kwenye cheti cha kifo. Kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja kulitugharimu miezi 14, hati za kiapo na nauli nisizopenda kuzihesabu.

Nilifundisha historia sekondari kwa miaka 31 kabla sijaanza kufungua mabelo. Nikiwa kwenye benchi za ofisi nikifuatilia akiba ya kaka, nangoja kuitwa, nilikuwa nikimkumbuka mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro Agosti 26, 1916, na wapiganaji wa Kijerumani wa kamanda von Lettow-Vorbeck wakajitoa kwa njia za Uluguru kuelekea Kisaki. Mizigo ya pande zote mbili ilikwenda vichwani mwa Waafrika. Kwa upande wa Waingereza peke yao walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Dar es Salaam imebaki na jina la Kariakoo kama kumbukumbu ya kikosi chao. Lakini mishahara ya wengi waliokufa haikufika nyumbani. Majina yalikuwa yameandikwa ovyo, vijiji havikujulikana, warithi hawakupatikana. Fedha zikahesabiwa kuwa hazina mdai, zikabaki serikalini. Mkoloni alihesabu vichwa vya kubeba mizigo. Mwenye kichwa ni nani, na mkewe yuko wapi, hayo hakujisumbua nayo.

Yule mpagazi alionewa. Sisi tunajionea wenyewe. Sheria ipo: Mahakama ya Mwanzo humtaka msimamizi wa mirathi apeleke orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4. Ataorodhesha nini, ikiwa marehemu aliondoka na siri zake mfukoni? RITA, wakala wa serikali wa usajili, nayo huandika na kuhifadhi wosia. Ni wangapi huko milimani, Nyandira au Matombo, wanaolijua hilo?

Najua nitaambiwa kuandika wosia ni kujiitia kifo. Mbona kila mwezi tunachangia vyama vya kuzikana bila woga? Sanda tumeilipia, jeneza tumelilipia, chakula cha waombolezaji tumekilipia. Kitabu cha akiba tu ndicho tunachokificha, halafu tunamwachia mjane akitafute kwa machozi.

Ninaomba mawili. La kwanza ni la serikali: maofisa wa RITA wapande milimani siku za gulio, waweke meza kati ya wauza kabichi na wauza mitumba, wawasaidie watu kusahihisha majina na kuandika wosia. Mkulima aliyeshuka na mzigo wa karoti hawezi kuacha mauzo yake akapange foleni mjini.

La pili ni letu. Msimu wa kununulia familia nguo za sikukuu uwe pia msimu wa kukaa nayo na kuitajia: nina hiki, nadaiwa kile, karatasi ziko pale. Mimi nimenunua daftari la kurasa 80, na wanangu wanajua liko sanduku gani.

Kila koti linalotoka kwenye belo huwa nalipekua mifuko kabla ya kulitundika. Nawe lipekue la kwako, ungali umelivaa.