Mirihi si mbali na Tabora

Najua nimepotea wiki mbili, majaribio yamenibana. Leo nimekuja na ubishi.

Kuna mshkaji kaniona nyuma ya kantini na The War of the Worlds ya H.G. Wells, akanicheka: "Madude ya angani tena? Hayo mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini?" Namjibu hapa ili msikie wote, maana hata mimi kitabu chenyewe kimeniacha njia panda.

Kwa wasiokijua: kilitoka 1898. Viumbe wa sayari ya Mirihi wanatua Uingereza, karibu na Woking, wana mashine ndefu za miguu mitatu, mwali wa joto na moshi wa sumu. Jeshi la Malkia halifui dafu. London nzima inakimbia kwa miguu, msimuliaji anajificha kwenye magofu akila anachookota. Halafu ghafla Wamirihi wanakufa wenyewe, kwa vijidudu vya maradhi ambavyo miili yao haikuvizoea. Kwisha habari.

Sasa rudi nyuma miaka mitano tu, Januari 1893, hapa hapa Tabora. Wajerumani walishalishambulia boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1892, zaidi ya mara moja, wakashindwa. Safari hii akaja Tom von Prince, wakaingia. Isike akalilipua ghala la baruti akiwa ndani yake. Hakufa palepale. Wakamtoa, wakamnyonga akiwa mahututi. Bado hayatuhusu?

Tena Wells alijua anachoandika. Sura ya kwanza kabisa anawakumbusha wenzake jinsi wahamiaji wa Ulaya walivyowaangamiza watu wa Tasmania kwa miaka hamsini, anauliza kama Mwingereza ana haki ya kulalamika akifanyiwa hivyo na Wamirihi. (Alidhani Watasmania wameisha kabisa. Wazao wao wapo hadi leo.) Kwa mwaka ule, kusema vile si mchezo, nampa heshima yake.

Na kuna mwanajeshi mmoja wa mizinga humo anayetabiri kwamba Wamirihi watafuga baadhi ya watu na kuwafundisha kuwawinda wenzao. Hapo nilifunga kitabu kwanza. Prince hakuja na Wajerumani watupu, jamani. Askari wa jeshi lile wengi walikuwa Waafrika, Wasudani wakiwemo, na Isike alikuwa na wapinzani ndani ya Unyanyembe yenyewe. Kwa Wells jambo hilo linabaki maneno ya mtu mmoja, riwaya inakwisha halijatokea. Kwetu lilitokea kwanza.

Ila mwisho wake! Mwisho ule sikubali hata kidogo. Eti vijidudu vimewaokoa wenyeji. Muulize aliyekuwa anaishi kwenye njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu, nguo, baruti na watumwa, na ndui ikatembea na misafara hiyo hiyo. Sotoka iliingia Afrika kutokea kaskazini mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, na miaka michache baadaye mazizi ya Afrika Mashariki yakawa matupu. Hata funza huyu wa vidoleni si mwenyeji! Katoka Amerika, akashukia pwani ya Angola mwanzoni mwa miaka ya 1870, akalivuka bara zima kwenye miguu ya watu hadi Bahari ya Hindi kabla karne haijaisha. Vijidudu vilikuwa timu ya mgeni, mshkaji.

Mtaniambia malaria nayo iliua Wazungu wengi njiani. Kweli iliua. Lakini walikuwa na kwinini, na aliyekufa alipata mbadala wake kwa meli inayofuata.

Kingine, watu wa Wells wanateseka wiki chache, kisha wanarudi London kufungua maduka. Mwaka ule ule wa 1898 wasomaji wake wanafunua kurasa, Wajerumani huku wanaanza kutoza kodi ya nyumba. Mnyamwezi aliyenusurika na yote hayo aliendelea kubeba mizigo mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Huko ndiko kunusurika ninakotaka kusoma, na kwa Wells hakupo.

Nyie wa Fasihi mwaka wa tatu mnaolia kila siku hamna cha kuandika, basi shikeni hii: mama mmoja wa Kinyamwezi, watoto wawili, Januari 1893. Moshi bado unatoka bomani. Njia ya Ujiji ina ndui, ya Bagamoyo ina askari, ng'ombe walishakufa. Anaelekea wapi usiku ule? Sura ya kwanza nimewapa bure.