Tuwape Bundi Maskani

Kila gunia la makaa lipelekwalo Bunia kwa pikipiki lina gharama asiyoiona mnunuzi, kwani mti mkongwe uliochomwa aghalabu ulikuwa na mvungu, na ndani ya mvungu mlikuwa na maskani: kigong'ota aliutoboa, akalea humo makinda yake, kisha kwezi akamrithi, na pale tawi kubwa lilipovunjika, moyo wa mti ukaoza, bundi naye akapata chumba. Sisi wa Nyankunde tumepanda mikaratusi badala ya miti hiyo, na jambo hilo lastahili sifa. Lakini mkaratusi hukatwa ungali kijana kwa boriti na kuni, kabla haujapata tundu hata moja.

Basi nawasihi wenye mashamba ya miti wawaagize maseremala masanduku ya ndege, na wa kwanza kufikiriwa awe bundi. Najua wengi watashtuka, kwa kuwa tangu utotoni tumeambiwa kwamba akilia juu ya paa anaita mauti. Na kwa itikadi hiyo tumempiga mawe kiumbe ambaye usiku mmoja aweza kula panya watatu au wanne, katika jimbo hili la Ituri ambamo tauni haijakoma na mahindi ya ghalani huonjwa na panya kabla ya mwenyewe. Sidai kwamba bundi ni dawa ya tauni. Hiyo ni kazi ya matabibu. Lakini wenye mashamba ya michikichi huko Malaysia, watu wasiotupa fedha zao kwa mahaba ya ndege, wamemwekea bundi masanduku miaka mingi ili awapunguzie panya.

Sanduku lenyewe liwe na urefu wa sentimita 60 hivi na upana wa 40. Mlango wa sentimita 15 uwe juu, mbali na sakafu, makinda wasije wakaanguka. Sakafu itobolewe vitundu vya kutolea maji, na ndani pasipakwe rangi. Litundikwe mita 4 au zaidi kutoka chini, mlango ukiipa mvua kisogo. Huenda nyuki wakalitwaa kwanza, nao si wageni wabaya. Mwenye shamba ale asali yake, kisha atundike jingine.

Ila atundikaye sanduku asitege sumu ya panya, maana bundi alaye panya mwenye sumu huangamia naye. Na yeyote aliyebakiwa na mti mkongwe wenye mvungu mpakani mwa shamba lake, tafadhali auache usimame.