Roboti ikikosea njia, mzazi tulia

Jumapili iliyopita nilimtembelea dada yangu, nikamkuta mwanawe wa darasa la sita amelala kifudifudi sakafuni. Mbele yake kulikuwa na kigari cha plastiki chenye mota mbili, roboti aliyoiunda mwenyewe kutoka kwenye seti aliyoletewa na baba yake. Alitaka itembee mita moja kamili kutoka kwenye kochi, kisha isimame.

"Mamdogo, angalia!" Roboti ikaenda, ikaishia sentimita 80. Akajaribu tena, ikaishia 77.

Shemeji uvumilivu ukamshinda. "Lete hapa." Akachukua kompyuta, akabadilisha namba mbili tatu, roboti ikafika. Sisi watu wazima tukapiga makofi. Mtoto alikuwa ameshahamia kwenye katuni.

Wazazi wengi tunaponunua seti hizi tunadhani roboti ndiyo inayofundisha. Hapana. Kinachofundisha ni pale inapokosea na mtoto akalazimika kutafuta sababu. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Afrika Kusini na kufundisha chuo cha MIT, Marekani, aliliandika jambo hilo mwaka 1980 katika kitabu chake Mindstorms. Kampuni ya LEGO ilipotoa seti yake ya roboti mwaka 1998, iliipa jina la kitabu hicho.

Katuni ilipoisha nilimuuliza mwanangu swali moja tu: "Mbona mara ya pili iliishia karibu zaidi?" Akarudi sakafuni. Baada ya muda akagundua kwamba alikuwa ameiamuru mota izunguke kwa sekunde tatu. Betri ikipungua nguvu, mota huzunguka polepole, kwa hiyo kwa sekunde zilezile roboti hufika karibu. Hapo amejifunza mwendo, muda na umbali bila mtu kuandika ubaoni.

Akachukua rula, akapima gurudumu: kipenyo sentimita 5.6. Akazidisha kwa 3.14, akapata kwamba mzunguko mmoja ni kama sentimita 17.6. Sentimita 100 gawanya kwa 17.6, ni mizunguko 5.7 hivi. Akafuta sekunde, akaandika mizunguko. Roboti ikasimama kwenye mita moja, ikazidi kidogo tu. Nusu saa nzima ilikwenda, tena kwa hesabu ileile ya duara anayoikimbia kwenye daftari.

Kwa hiyo mzazi, roboti ikikosea, mikono yako iweke nyuma. Uliza: ulitaka ifanye nini? Imefanya nini? Utabadilisha kitu gani kimoja kwanza? Hata kama hujui lolote kuhusu kompyuta, maswali hayo unayaweza.

Macho yako, hata hivyo, yasipumzike. Wakati sisi tunapima gurudumu, mdogo wake wa miaka miwili alikuwa anaokota vipande chini ya meza na kuvipeleka mdomoni. Kipande cha plastiki kinaweza kumpalia. Kibaya zaidi ni zile betri bapa za duara, mfano wa sarafu, zinazowekwa kwenye baadhi ya vifaa na rimoti. Ikikwama kwenye njia ya chakula, umeme wake unaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili, hata kama mtoto halalamiki. Ukihisi amemeza, usimtapishe na usisubiri itoke kwa choo. Mkimbize hospitali yenye eksirei, na waambie wazi kwamba ni betri.

Fanyeni kazi hiyo mezani, si sakafuni. Roboti ishuke chini wakati wa kujaribiwa tu. Kabla ya kufunga boksi, mtoto ahesabu vipande na betri zote, nawe uhakiki. Kuhesabu huko, kwa kweli, ndiyo sehemu pekee ya kazi ambayo baba anaruhusiwa kusema, "Lete hapa."