Mgao wa Chakula Usigongane na Bamvua

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, tunaomba kitu kimoja kabla ratiba mpya haijabandikwa ubaoni: angalieni mwezi kwanza. Tunasema mwezi wa juu angani.

Huku pwani, kuanzia Palma kushuka hadi Mocímboa da Praia, bamvua ina saa zake. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, halafu hukauka mnamo saa nne asubuhi. Kati ya kujaa na kupwa tofauti hupita mita 3. Hapo ndipo kina mama wanashuka mwambani kutafuta pweza na kombe. Na saa hiyohiyo ndiyo inayopangwa mgao na mikutano. Mama achague: foleni au kitoweo? Bamvua ikimpita, asubiri kama wiki 2.

Wazee wanayajua haya kwa kuhesabu usiku tu. Lakini ratiba inaandikwa ofisini mapema, na ofisi inataka tarehe kwenye karatasi. Hapo programu kama Stellarium inasaidia. Ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta haidai intaneti. Unaiambia ulipo: Palma ni karibu nyuzi 11 kusini, nyuzi 40 na nusu mashariki. Unasogeza tarehe mbele, inakuonyesha mwezi utakuwa wapi. Ukiwa pamoja na jua, au umesimama upande wa pili wake kabisa, hiyo ni bamvua. Maji makubwa zaidi huja siku moja au mbili baadaye. Kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo baada ya wiki, saa nne asubuhi bahari imejaa na mwambani hakuna wa kwenda.

Kuna watakaosema tunaingilia kazi ya mashehe. Hapana. Programu inahesabu mwezi ulipo. Kama umeonekana kwa ajili ya Ramadhani, hilo liko kwao. Sisi hapa tunazungumzia pweza.

Basi vijana tutoe tarehe za miezi 3, wazee wazikague, zibandikwe. Na nyinyi wa mashirika, pangeni mgao wiki ya maji mafu. Haiongezi gharama yoyote, na watoto watakula wali wenye kitoweo.