Afishi ya Kichina Nayo Itunzwe

Na Kalenga Mutombo

Kila tukizungumza kuhusu kumbukumbu za Kolwezi, mji wetu wa migodi, mazungumzo huishia kwenye karatasi za kampuni ya madini ya Union Minière na mrithi wake, Gécamines. Sizidharau. Lakini hizo zilikuwa na mwenyewe. Kampuni ilikuwa na wapiga picha wake, na tangu 1957 ilikuwa na gazeti lake, Mwana Shaba. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipotengeneza Mémoire mwaka 2006, alichukua picha za zamani za wafanyakazi akazipachika juu ya magofu ya viwanda vya leo. Aliweza kwa sababu kulikuwa na sanduku la kufungua.

Je, afishi za mchimbaji wa mkono ziko kwenye sanduku gani?

Unazijua. Maporomoko ya maji, jumba jeupe kando ya ziwa, maua mekundu kupita kiasi, jiji la maghorofa lisilo na hata mtu mmoja njiani. Zimechapwa Uchina, zinauzwa sokoni kwa bei ya mtu asiye na kitu, kisha zinabandikwa kwenye turubai la hema au ukuta wa tofali za udongo. Baloji huyohuyo aliziona: katika mfululizo wake wa Kolwezi, kati ya 2009 na 2012, aliziweka ubavuni mwa picha za migodi na kambi za wachimbaji. Wengine huziita takataka. Kwangu zinaeleza jambo ambalo hakuna ripoti ya madini iliyowahi kuliuliza: mtu aliyeshinda shimoni alitaka kutazama nini jioni.

Nazo zinakwisha haraka. Kasulo, mtaa wa Kolwezi, madini yalipoonekana chini ya nyumba za watu mwaka 2014, mtaa mzima ulichimbwa. Mwaka 2017 familia za sehemu moja zikahamishwa, eneo likazungushiwa ukuta. Anayehama kwa haraka hubeba godoro na sufuria. Afishi hubaki ukutani, au hung'olewa ikachanika katikati.

Iliyochanika inatengenezeka, mradi tusiimalize kwa huruma yetu. Adui wa kwanza ni skochi. Leo inashika vizuri. Baada ya miaka gundi yake inageuka kahawia, inaingia ndani ya karatasi, haitoki tena. Wa pili ni mashine ya plastiki, ile ya kufunika vyeti: joto linayeyusha gundi juu ya picha, na hakuna fundi atakayeitenganisha tena. Watunzaji wa karatasi wana sheria moja ninayoipenda: usifanye kitu ambacho mwingine hataweza kukifungua.

Wao hutumia uji mzito wa wanga wa ngano, wanga mtupu, maana unga wenyewe huita wadudu, pamoja na vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani. Kipande hakikatwi kwa mkasi. Kinachanwa kwa mkono ili nyuzi za ukingoni zishike. Kinapakwa uji kidogo, kinalazwa nyuma ya mpasuko, kisha kinakandamizwa chini ya uzito hadi kikauke. Kwanza jaribu rangi kwa pamba yenye unyevu, pembeni pasipoonekana. Rangi ikitoka, acha.

Vumbi letu jekundu lipanguswe kwa brashi laini, kavu. Ukileta kitambaa chenye maji unatengeneza matope. Na Novemba mvua ikianza, bati likivuja, kumbuka kwamba afishi hizi nyingi ni za karatasi ya kung'aa: zikilowa zikiwa zimekunjwa pamoja, zikikauka zinakuwa tofali moja. Zitenganishe zikiwa bado mbichi, uzilaze moja moja kivulini.

Sidai kila moja iokolewe. Hata mimi zipo ninazoona ni mbaya kupindukia. Ila jimbo la Lualaba, lililozaliwa 2015 na kuishi kwa kobalti, haliwezi kusema halina pesa ya kabati moja la droo pana na kijana mmoja wa kupita mitaani kuuliza kabla tingatinga halijafika.

Ukiwa nayo nyumbani, usingoje kabati. Andika nyuma, kwa penseli laini maana wino wa kalamu unapenya hadi mbele: mtaa gani, ukuta wa nani, mwaka gani ilitoka.